Waraka kwa Mheshimiwa Mpanga Rangi

Kwa Mheshimiwa Mpanga Rangi,
Popote ulipo: ofisini, kiwandani, studioni au katika maabara ya shule.

YAH: KUIACHIA RANGI KAZI YA KUSEMA PEKE YAKE

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini waraka huu unakufikia ukiwa mzima, na macho yako yakiwa mazima zaidi. Hatujawahi kupeana mikono, lakini kazi zako nazijua vizuri, maana hazinipi nafasi ya kuzisahau. Ni wewe uliyechora ramani ambayo msitu ni wa kijani na mistari ya miinuko ni ya kahawia, ikikatiza humo humo msituni. Ni wewe uliyetengeneza jedwali la ada lenye visanduku vyekundu kwa wanaodaiwa na vya kijani kwa waliomaliza, pasipo neno hata moja ndani ya kisanduku. Ni wewe uliyeweka kitaa kimoja kwenye chaja ya tochi: kikiwa chekundu ningoje, kikigeuka kijani nichomoe. Mimi huchomoa kwa kuangalia saa, na tochi haijalalamika bado.

Hivi karibuni tulikutana tena. Ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa waliomo ni watu wema, ilibandika ukutani ratiba ya uhakiki wa hati za viwanja. Majina yote yalikuwa katika orodha moja, na chini kabisa maelezo mafupi: waliowekewa nyekundu wafike asubuhi, waliowekewa kijani wafike mchana. Jina langu nililiona haraka. Rangi yake ndiyo iliyogoma. Nikamsogelea binti wa mapokezi, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama mimi ni wa asubuhi au wa mchana. Alinitazama kuanzia viatu hadi miwani, kisha kwa huruma ya kweli akaniuliza, "Baba, hukubahatika kusoma?"

Nikamjibu, "Nimesoma, mwanangu. Ukuta wenu ndio haukuandikwa."

Najua hukukusudia ubaya, Mheshimiwa. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukushtaki. Naomba tu muda wako nikueleze unayemwandikia ni nani, halafu utaamua mwenyewe kama tabia hii inakupendeza.

Nina upofu rangi wa kuzaliwa, ule wa nyekundu na kijani ambao ndio wa kawaida kuliko yote. Neno upofu lisikutishe. Naona mbali, nasoma maandishi madogo ya mikataba, na dunia yangu si ya nyeusi na nyeupe kama televisheni za zamani. Buluu naiona, manjano naiona, na jua likizama baharini nafurahi kama wengine, ingawa huenda ninachokifurahia si kile unachokifurahia wewe. Shida yangu ipo kwenye eneo moja: nyekundu, kijani, kahawia na rangi ya chungwa husogeleana mno, pinki iliyofifia hujificha kwenye kijivu, na zambarau huniambia kuwa yeye ni buluu, nami humwamini. Pilipili iliyoiva juu ya mti wake naiona nikishaukaribia. Kwa mbali kila kitu ni jani. Nyanya sokoni nazichagua kwa kidole, nikibonyeza polepole, mpaka mama muuzaji aseme, "Kaka, ukinibonyezea zote nani atanunua?" Yeye anadhani mimi ni bahili. Sijapata kumrekebisha.

Kuna mchezo ambao watu huuanzisha mara wakijua hali yangu. Hawaulizi hata siku moja, "Tukusaidieje?" Huokota kitu kilicho karibu na kusema, "Hii je, rangi gani?" Nimeshahojiwa juu ya vikombe, soksi, pazia la ukumbi na paka wa jirani. Nikipatia, wanasema najifanya tu, naona vizuri. Nikikosea, wanacheka na kuwaita wengine waje washuhudie. Sijawahi kuona mtu akimvua mwenzake miwani ili amwonyeshe vidole na kumwuliza ni vingapi, kisha chumba kizima kiangue kicheko. Labda adabu hiyo nayo ina rangi ambayo mimi siioni.

Sasa nikueleze sababu, kwa kifupi, usije ukadhani ni uzembe wa kutofundishwa rangi utotoni. Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli ziitwazo koni, zipatazo milioni 6 kwa kila jicho. Zipo za aina tatu, kila aina ikiitikia zaidi mawimbi fulani ya mwanga: marefu, ya kati au mafupi. Hakuna koni inayoijua rangi peke yake. Ubongo ndio unaolinganisha taarifa za aina hizo tatu, na kutokana na tofauti zao unapata nyekundu, kijani na nyinginezo. Kwa watu kama mimi, aina ya mawimbi marefu au ya kati haipo, au ipo lakini inaitikia karibu sawa na mwenziwe. Tofauti ikipungua, ubongo unakosa cha kulinganisha.

Jeni za koni hizo mbili ziko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo moja ikiwa na hitilafu, ya pili kwa kawaida huziba pengo. Mwanamume anayo moja tu. Ndiyo maana miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini hali hii humpata mwanamume mmoja katika kila 12, lakini mwanamke mmoja katika kila 200. Kwetu Afrika idadi ni ndogo zaidi. Tafiti nyingi huangukia kati ya asilimia 2 na 4 ya wanaume. Usiipokee takwimu hiyo kwa kushusha pumzi. Hata ukichukua ile ya chini kabisa, darasa la wavulana 50 linakuwa na mmoja, na shule zetu unazijua zina madarasa mangapi.

Na kwa kuwa mtoto wa kiume huipokea X yake kwa mama, baba hahusiki hapo hata kidogo. Anayetafuta chanzo cha jambo hili katika ukoo amtazame mjomba, au babu mzaa mama. Wazee wetu waliompa mjomba kauli katika mambo ya mpwawe hawakuwa na maabara ya vinasaba, lakini kwa hili walimpa mtu anayestahili.

Wala hatukuanza leo. Tarehe 31 Oktoba 1794, katika jumuiya ya wasomi ya mji wa Manchester, Uingereza, kijana aitwaye John Dalton alisimama kusoma makala kuhusu macho yake mwenyewe. Alikuwa amegundua kwamba ua la jeraniamu, ambalo wenzake waliliona la pinki mchana na usiku, kwake lilikuwa la buluu ya anga mchana, na kwa mwanga wa mshumaa likageuka jekundu lisilo na chembe ya buluu. Aliuliza watu wengi. Aliyekubaliana naye kikamilifu alikuwa kaka yake wa damu. Dalton akahitimisha kuwa ule ute unaojaza jicho lake lazima uwe na rangi ya buluu inayomeza nyekundu, na akaagiza kwamba akifa macho yake yafunguliwe ili wahakikishe.

Alifariki mwaka 1844. Daktari wake, Joseph Ransome, alitimiza agizo na kukuta ute ni mweupe kama maji. Nadharia ilianguka, lakini mabaki ya macho yalihifadhiwa. Mwaka 1995 wanasayansi walichukua sehemu ndogo ya mabaki hayo, wakachunguza vinasaba na kukuta kwamba Dalton hakuwa na jeni ya koni za mawimbi ya kati. Mtu mmoja ameutumikia utafiti wa rangi akiwa hai, na akautumikia tena miaka 151 baada ya kuzikwa. Naam, Mheshimiwa, ni Dalton yule yule wa nadharia ya atomi, ambaye wanafunzi wetu wa sekondari humkariri kabla ya mtihani. Tafadhali lishike jina hilo. Nitakuomba ulitumie baadaye.

Baada ya Dalton alikuja Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani, aliyechapisha mwaka 1917 kile kitabu cha madoadoa kinachotumika hadi leo hospitalini. Huenda umekipitia: duara lililojaa vidoa, na katikati yake namba. Wenye macho kama yako husoma 74. Mimi nasoma 21, na naisoma kwa kujiamini kabisa. Tazama ufundi uliomo. Vidoa vina ukubwa tofauti ili namba isitambulike kwa umbo. Vina weusi na weupe tofauti ili isitambulike kwa mwanga. Ishihara aliondoa kila dalili moja baada ya nyingine mpaka ikabaki rangi tupu, kwa sababu alitaka kuniona nikikwama. Hicho kilikuwa kipimo na kazi yake ilikuwa kupima.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Jedwali lako la ada, ramani yako na ratiba yako ya viwanja vimefuata kanuni ile ile: umeondoa neno, umeondoa umbo, umeondoa mahali, ukaiacha rangi peke yake. Ishihara alihitaji maarifa na subira nyingi kutengeneza kitu ambacho mimi siwezi kukisoma. Wewe umekitengeneza kabla ya chai ya saa nne. Mahakamani, kesi nzito ikitegemea shahidi mmoja tu, hakimu mwangalifu huuliza kama hakuna mwingine. Rangi ni shahidi mzuri, Mheshimiwa. Kosa lako ni kumwita yeye tu.

Twende maabara, maana huko ndiko shahidi huyu alikonihukumu akiwa peke yake. Mtihani wa vitendo wa kemia: bureti ina asidi, flaski ina alkali yenye matone ya kiashiria kiitwacho MO, na chini ya flaski kuna kigae cheupe. Unafungua bureti, unatikisa flaski kwa mkono wa pili, unasubiri manjano igeuke kuelekea pinki, na inapogeuka tu unafunga na kuandika ujazo. Wenzangu kushoto na kulia walikuwa wakifunga bureti zao kwa tone la mwisho, wakiguna kwa kuridhika. Mimi nilikuwa nikitazama kimiminika kilichotoka manjano kikaenda kwenye manjano nyingine, kisha kwenye kitu nisichokuwa na jina lake. Mwalimu alipita nyuma yangu akasema, "Wewe unasubiri nini? Hiyo imeshageuka zamani!" Kisha likaja swali la kutambua chumvi, ambako alama hutolewa kwa kuandika kwamba mashapo ni ya kijani chafu au ya kahawia iliyoelekea wekundu, na kwamba mwali wa moto umekuwa mwekundu wa tofali. Katika mtihani ule mzima ni amonia peke yake iliyonitendea haki. Ile hujitangaza kwa harufu.

Sasa mlete Dalton. Mweke kwenye benchi hilo, mpe flaski na kigae, umsahihishe kwa mwongozo wako. Mtu aliyeieleza dunia kuhusu atomi angetoka humo na alama za huruma, na kwenye ripoti yake angeandikiwa "aongeze bidii katika vitendo". Sijui kemia ingekuwa wapi leo.

Dawa yake haihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Viashiria vinavyotoka manjano kwenda buluu vipo. Mita ya pH ipo, nayo huandika namba. Na pale ambapo shule haina chochote, mwanafunzi anaweza kuruhusiwa kumwuliza msimamizi, "Hapa rangi imegeuka?" kwa sababu anachopimwa ni kama anaelewa asidi na alkali zinafanyaje, na jambo hilo halikai machoni. Kabla ya yote, mtoto apimwe. Kitabu cha Ishihara hufunuliwa kwa dakika chache tu. Wengi wetu tunafika Kidato cha Nne tukidhani ni wazembe, au walimu wetu wakidhani hivyo kwa niaba yetu.

Nisije nikaonekana mtu wa kudai bila kutoa. Ipo mizani ambayo naikubali. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 1875, treni mbili ziligongana Lagerlunda, Sweden, watu 9 wakafa. Profesa Frithiof Holmgren wa Uppsala alijenga hoja kwamba waliokuwa kwenye injini hawakuitambua ishara kwa sababu ya upofu rangi, akaishawishi serikali, na kipimo chake cha vifundo vya sufi za rangi kikaenea kwenye reli na meli za nchi nyingi. Watafiti wa baadaye waliofukua kumbukumbu za ajali ile wamekuta ushahidi wake ni dhaifu: dereva na msaidizi wake walikufa katika ajali hiyo, na hakuna aliyewahi kuwapima macho. Marehemu hana wakili. Hata hivyo, kanuni yenyewe ilikuwa na maana. Baharini usiku, chombo huonyesha taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, na nahodha anayezichanganya hawezi kujua kama meli iliyo mbele inamjia au inampita. Mimi sitaomba kazi ya kuendesha boti ya Unguja usiku, na abiria wala wasiwe na wasiwasi. Ninachokataa ni kupimwa kwa ukali wa nahodha wakati ninachotaka ni kujua kama kiwanja changu ni cha asubuhi au cha mchana.

Labda unajiuliza kama inawezekana kufanya kazi bila rangi. Sijasema uiache. Nimesema umwongezee shahidi wa pili, na wapo wenzako wanaofanya hivyo bila semina.

Mfano wa kwanza ni konda. Daladala za Dar es Salaam zimechorwa mikanda ya rangi ubavuni kutofautisha njia, na kama mambo yangeishia hapo ningekuwa bado kituoni. Lakini jina la njia limeandikwa mbele, na mlangoni ananing'inia kijana anayeita "Mwenge, Mwenge, Mwenge!" mpaka aliyelala aamke. Rangi, maandishi, sauti: mashahidi watatu kwa nauli moja.

Mfano wa pili umo kwenye jokofu la zahanati. Kwenye vichupa vingi vya chanjo kuna alama ya duara lenye mraba mdogo katikati. Joto linavyozidi kukipata kichupa, mraba unazidi kuwa mweusi. Ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo inafaa. Ukifanana nalo au ukilipita kwa weusi, tupa. Aliyebuni alama hiyo angeweza kuchagua kijani inayogeuka nyekundu, na angepongezwa. Alichagua mwanga na giza, ambavyo mimi, wewe na muuguzi mwenye umri wa kustaafu tunaviona sawa.

Mfano wa tatu ni ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto, ambao mhudumu wa afya wa jamii anautembeza nyumba kwa nyumba. Nyekundu ni utapiamlo mkali, manjano ni wa wastani, kijani ni salama. Lakini utepe una namba pia: chini ya sentimita 11.5 ndiyo nyekundu, kuanzia 12.5 ndiyo kijani. Mhudumu mwenye macho kama yangu anasoma namba, na mtoto hapotei kwa sababu ya koni za mtu mzima. Na waya wa ardhini umekuwa wa kijani chenye mistari ya manjano. Fundi umeme anautambua kwa ile mistari hata kama rangi zenyewe zinamchanganya. Huko Quebec, Kanada, taa za barabarani zimepewa na maumbo: nyekundu ni mraba, manjano ni almasi, kijani ni duara. Kwetu tunategemea kwamba nyekundu ipo juu, na hilo linatosha, ilimradi trafiki asiamue kusimama katikati na kuzifuta zote kwa mkono mmoja.

Mpira nao una lake. Tarehe 14 Juni 2018, Kombe la Dunia lilifunguliwa Moscow: Urusi nyekundu, Saudi Arabia kijani. Mabao yalikuwa 5 kwa 0, na mamilioni ya wanaume duniani walitazama timu moja ya watu 22 ikijifunga yenyewe. Malalamiko yalikuwa mengi. Hapa nyumbani watani wa jadi nao ni nyekundu na kijani, lakini mmoja wao anayo manjano pia. Siku wanapoivaa hiyo manjano huwa nashangilia kwa nguvu, na watu wananihesabu kuwa mwanachama. Sijakanusha wala kuthibitisha.

Mpaka hapa huenda umesoma kwa upole, ukijiambia kwamba jambo hili ni la wengine. Basi nikukaribishe, Mheshimiwa, maana hata wewe unakuja upande wetu.

Lenzi ya jicho huzidi kuwa ya manjano kadiri umri unavyosogea, na manjano hiyo humeza mwanga wa buluu. Ndiyo maana mzee huvaa soksi moja nyeusi na moja ya buluu iliyokolea, na akiambiwa anaapa kuwa ni jozi. Mtoto wa jicho akikomaa, mambo huzidi. Mchoraji Mfaransa Claude Monet aligundulika kuwa na ugonjwa huo mwaka 1912. Daraja la bustani yake, ambalo zamani alilichora kwa kijani na buluu tulivu, lilianza kutoka kwenye brashi yake likiwa na wekundu na kahawia kama moto wa nyika. Ili asipotee alisoma lebo za mirija ya rangi na kuzipanga kwa mpangilio usiobadilika. Mwaka 1923 alifanyiwa upasuaji, kisha akalalamika kwamba sasa kila kitu kimekuwa buluu mno. Tafakari hilo: mmoja wa wachoraji mashuhuri wa rangi duniani alifika mahali pa kuhitaji rangi iandikwe jina lake. Wewe unaona kuliandika ni usumbufu.

Kisukari kinaweza kuufifisha utambuzi wa buluu na manjano hata kabla mgonjwa hajalalamika kuwa haoni. Presha ya macho nayo huharibu rangi taratibu. Digoksini, dawa ya moyo, ikizidi mwilini humfanya mtu aone vitu vikiwa na umanjano. Ethambutoli, inayotolewa katika miezi ya mwanzo ya matibabu ya kifua kikuu, huweza kwa wagonjwa wachache kudhuru neva ya jicho, na dalili ya mapema ni nyekundu na kijani kupauka. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake, maana kifua kikuu hakina msamaha; aseme kliniki siku hiyo hiyo, maana ikibainika mapema mara nyingi macho hupona. Hata vile vidonge vya sildenafili, ambavyo wanaume wa makamo hununua kwa kunong'ona, vinaweza kuipaka dunia ubuluu kwa saa kadhaa. Asubuhi yake hakuna anayesimulia.

Ijue tofauti, kwa faida yako. Upofu rangi wa kuzaliwa haubadiliki na uko sawa katika macho yote mawili. Hautibiki mpaka sasa, ingawa mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza kuwa kima wawili waliozaliwa nao, mmoja akipewa jina la Dalton, walitambua nyekundu na kijani baada ya kupewa jeni iliyokosekana. Ile miwani inayotangazwa mitandaoni huongeza tofauti kati ya baadhi ya rangi. Haileti koni mpya. Lakini rangi zikianza kubadilika ukubwani, hasa jicho moja likiachana na mwenzake, hiyo ni taarifa ya ugonjwa. Funika jicho moja, tazama kizibo chekundu cha chupa, kisha funika la pili. Kama wekundu umepauka upande mmoja, usingoje mwisho wa mwezi. Nenda kwa daktari wa macho.

Kwa heshima na taadhima, basi, naomba yafuatayo:

1. Kila rangi yenye ujumbe ipewe mwenza: neno, namba, umbo, mchoro wa mistari au mahali pake maalumu.

2. Kabla ya kuchapisha, toa nakala moja kwa nyeusi na nyeupe. Kama wewe mwenyewe huielewi, usinipe mimi nijaribu.

3. Pale ambapo rangi mbili zinatosha, chagua buluu na rangi ya chungwa badala ya nyekundu na kijani, na moja ikolee kuliko nyingine.

4. Watoto wapimwe wanapoanza shule, na majibu yafike kwa mwalimu wa kemia na wa jiografia, yasiishie kwenye faili la mganga.

5. Ukikutana na mmoja wetu, usimwonyeshe kikombe.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalogharimu zaidi ya wino, na wino mwenyewe ni ule ule uliokuwa unapakia visanduku.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mmiliki wa kiwanja ambacho uhakiki wake, kumbe, ulikuwa wa asubuhi.

Nakala:
Watunzi wa mitihani ya vitendo – kwa utekelezaji.
Watengenezaji wa chaja zenye kitaa kimoja – kwa kutafakari.
Wajomba wote – kwa taarifa.
Makonda wa daladala – kwa pongezi.